Meno Mapya Msibani

Nimeaibika msibani leo, na wa kulaumiwa ni daktari wa meno.

Asubuhi alimtoa binti yangu Neema yale madoa ya kahawia aliyokuja nayo kutoka Arusha, ya maji ya kule yenye madini yanayotia meno rangi. Akapaka dawa, akasugua polepole, hakutoboa kitu. Meno meupe!

Mtoto aliyezoea kucheka huku kaziba mdomo, sasa haufungi kabisa.

Tukapitia msiba wa jirani hapa Tukuyu. Kina mama wanalia, Neema anamtabasamia kila mmoja. Nikamfinya. Akazidisha.

Bibi mfiwa akakatisha kilio.

"We mtoto, njoo. Unacheka nini?"

"Meno yangu, bibi. Yametakata."

Akayakagua, yote.

"Huyo daktari anapokea na wazee?"

Kesho tunazika. Jamani, nimpeleke huyo bibi kwa daktari?