Wanja kwa Jicho Lisilofumba

Niliamka asubuhi moja ya masika, nikaenda kusukutua, maji yakanitoka upande mmoja wa mdomo. Nikadhani nimekosea. Nikajaribu tena, yakachuruzika vilevile hadi shingoni. Mama alikuwa jikoni anachochea moto. Nilipoingia aligeuka anisalimu asubuhi kwa lugha ya kwetu, "Mwakeye," na macho yake yakabaki mdomoni mwangu. Akaweka mwiko chini, akanishika kidevu, akanivuta mpaka kwenye mwanga wa mlango.

"Hebu cheka," akaniambia.

Nikacheka. Mama akaanza kulia.

Tulikaa pembeni ya mji wa Kasulu, mimi na yeye tu. Tulivuka kutoka Burundi nikiwa wa kubebwa mgongoni, baba akafariki baadaye, tukawa tunalima maharage na mihogo na kuuza mjini. Nami nilikuwa mchumba wa mtu. Alikuwa mwalimu, wazazi wake walivuka kama sisi, na alikuwa amepangiwa shule ya upande wa Kibondo. Harusi yetu ilikuwa ifungwe kanisani baada ya mavuno.

Tukaenda kwa miguu hadi hospitali ya misheni. Daktari akaniambia nifumbe macho. La kulia likafumba. La kushoto likabaki wazi, linamtazama. Akasema mshipa wa uso umelala. Kuna watu ambao mshipa huo huamka wenyewe, na kuna ambao hauamki.

"Kabla ya mavuno utaamka?" mama akauliza.

Daktari akasema hajui. Akanipa kitambaa cha kulifunika jicho nikilala.

Mavuno yakakaribia na uso ukabaki vile. Nyusi imeshuka, kope la chini limelegea na kuacha wekundu wake nje, pembe ya mdomo imening'inia. Nikawa sitoki bila kuvuta kanga hadi nusu ya uso.

Aliyenifundisha wanja ni mke wa mwenye duka tuliyemuuzia maharage. Alikuwa mtu wa Pwani, ameolewa akaletwa huku kwetu kwenye baridi, na hakuwa na ndugu hata mmoja mji mzima. Siku moja tulipopeleka maharage alinivuta uani, akanitoa kanga usoni bila kuniomba ruhusa.

"Mwanangu, utajificha mpaka lini? Njoo Ijumaa mchana, mume wangu akiwa msikitini. Nitakuonyesha kitu."

Nikaenda. Kwao wanja lilitengenezwa nyumbani. Alisokota utambi wa pamba, akauchovya kwenye mafuta ya mbarika, akauwasha, kisha akafudikiza bakuli la udongo juu yake kwenye vijiwe. Moshi ukashika bakuli. Akakwangua masizi kwa unyoya wa kuku, akayalainisha kwa tone la samli, akachukua kijiti chembamba.

"Tazama mbele. Usivute ngozi, maana ukiiachia mstari unapinda."

Alibana uzi pembeni ya pua yangu, akaupitisha kwenye pembe ya jicho mpaka mwisho wa nyusi. Pale ulipopita uzi ndipo mkia wa wanja ungelala. Akaweka nukta kwanza huko nje, halafu akavuta kuja ndani, taratibu, huku amebana pumzi. Upande mgonjwa akaiweka nukta juu zaidi kuliko upande mzima. Palipozidi akapafuta kwa pamba, mkia ukabaki mwembamba kama unywele.

"Chini usitie," akasema. "Ukitia chini unazidi kuliangusha. Jicho hili tunalipandisha kwa juu tu."

Akanipa kioo. Mle ndani kulikuwa na macho mawili marefu, yamepanda kuelekea vipajini, yanakaribia kulingana. Nilikuwa nimekaa miezi bila kujiangalia, nikajiangalia mpaka akaninyang'anya kioo.

"Usicheke tu, mwanangu. Ukicheka mdomo utasema."

Nyumbani mama hakupenda. Kwake wanja lilikuwa la wanawake wa baa. Lakini aliniona nikihangaika mlangoni na kipande cha kioo, mkia mmoja unakwenda sikioni, mwingine umevimba kama kovu, nafuta, naanza tena. Mwishowe alikuja, akaufuta mkono wake kwenye kitenge, akanishikia uzi.

Mchumba wangu alikuja na shangazi yake, wamepanda lori la mizigo kutoka Kibondo. Habari zilikuwa zimewafikia. Nilipaka asubuhi ile, na mkono ulitulia kuliko siku zote. Nikawasalimu kwa kupiga goti, nikaweka chakula, nikakaa upande wa kivuli. Mchumba wangu alinitazama, nikaona mabega yake yanalegea.

"Mbona walisema vibaya vile?" akamwambia shangazi yake. "Si huyu hapa."

Shangazi alikula polepole, ananiangalia. Jicho lisilofumba halijilainishi. Upepo kidogo, moshi kidogo, linatoa maji. Nililihisi linajaa nami sikuwa na la kufanya.

"Mwanangu, unalia nini?" shangazi akauliza.

"Silii, shangazi."

"Unalia. Wanja linashuka."

Mchumba wangu akanyanyuka, akatoa leso yake. Alitaka kunisaidia tu. Akanifuta shavu, akapanda, akafuta jicho lenyewe, na mkia wote ukaondoka kwenye leso. Nyusi ikabaki ilipokuwa imeshuka. Akasimama na ile leso nyeusi mkononi.

"Pole," akasema, kama watu wanavyosema msibani.

Aliyekuja baada ya hapo ni mshenga, peke yake. Alimweleza mama kwamba wazee wameona ugonjwa ule huenda ni wa ukoo, na watoto wangeurithi.

"Na yeye mwenyewe anasemaje?" mama akauliza.

"Yeye ni mtoto wa watu. Anawasikiliza wazazi."

Nilikuwa nyuma ya ukuta. Mama alinikuta huko, akanikumbatia kichwa. "Ihorere," alisema kwa lugha ya kwetu, nyamaza, nyamaza, ingawa sikuwa natoa sauti yoyote.

Niliendelea kupaka. Sijui nilimpakia nani. Kiangazi kikaingia na vumbi lake jekundu, jicho likawa jekundu nalo, likauma, halafu likatokea doa jeupe katikati. Tulirudi hospitali, daktari akalitazama kwa tochi, akamtazama mama, akasema jicho lile halitaona tena. Akakataza wanja.

Yule mama wa dukani alipopata habari alikuja akasimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Nilitaka kukusaidia, mwanangu."

"Najua, mama."

Baadaye duka lao lilifungwa wakarudi Pwani. Sisi tukahamishiwa na serikali kwenye kijiji kipya, watu wote tumepangwa kwa mistari, na majirani wapya wakanijua kwa jicho langu. Hakuna aliyekuja tena kuniposa. Mama alizeeka akiombea ndoa za mabinti wa wengine.

Mwalimu alioa Kibondo. Nilikutana naye kwenye mnada, nikiwa na mihogo yangu. Alipita upande wangu wa kushoto, usioona, na niliijua sauti kabla ya kuyaelewa maneno.

"Mshike mtoto mkono," alikuwa anamwambia mtu, "watu ni wengi."

Nilipogeuza shingo, walikuwa wameshaingia kwenye watu.