Ushuhuda Usio na Mkono

Mchungaji alinipa yule mwongofu mpya kwa sababu moja tu: mimi sikosi ibada. Hakujua kwamba sikosi kwa vile kukaa nyumbani Jumapili ndiyo kazi ngumu zaidi. Mke wangu tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, na tangu hapo nilikuwa nikienda kanisani jinsi ninavyofungua kibanda changu cha viatu vya mitumba hapa Nakuru: kumekucha, na funguo ninazo.

"Utamlea mpaka abatizwe," mchungaji alisema. "Ninyi wawili tu. Umfundishe Neno, umfundishe kuomba, na umwandae ushuhuda."

"Ni mtu wa kazi gani?"

"Dalali wa viazi."

"Si unipe wawili wa kawaida badala yake."

Mchungaji hakucheka. Hata mimi sikucheka, ila yangu ilikuwa desturi.

Yule dalali alikuwa akija kila Jumanne jioni nikianza kurudisha viatu kwenye magunia. Mtu wa makamo, mkazi wa Kaptembwo, sauti imekwaruzika kwa kuita malori. Tulikuwa tunakaa juu ya magunia yenyewe, Biblia katikati yetu. Kusoma hakukumsumbua. Kuomba ndiko kulitushinda, kwa sababu aliomba vile anavyouza.

"Baba, nipe nyumba ya mawe kule Lanet, yenye geti..."

Nilifungua macho. "Unataka nyumba Lanet?"

"Hapana. Nataka mke wangu arudi. Lakini boss, ukianza na bei ya mwisho, si utashushwa mpaka mtaroni?"

Nikamwambia Mungu hapatani bei. Akaniangalia kama mtu anayeuziwa kiatu cha kushoto peke yake.

"Na wewe humwomba vipi?"

"Mimi nimepewa kazi ya kufundisha," nikasema, na nikafungua ukurasa mwingine.

Mke wake alikuwa Karagita, kule Naivasha, amepanga chumba kimoja, anapakia maua kwenye shamba fulani karibu na ziwa. Alikuwa ameondoka kabla ya huu wokovu. Sasa amepata habari, na ametuma ujumbe kwamba ataamua siku ya ubatizo. Dalali aliniambia hivyo waziwazi, bila aibu, kama anayetaja siku ya soko.

Kanisani kwetu hubatizwi bila ushuhuda. Unasimama mbele, unaeleza ulikotolewa, watu wanaitikia. Na kila mtu anajua, ingawa hakuna anayesema, kwamba dhambi ndogo haina wateja. Aliyeiba kuku hapati amina nyingi. Kwa hiyo mwalimu humsikiliza mtu wake kwanza faraghani, asije akatia chumvi au akakwama katikati.

Mara ya kwanza dalali aliusema wake ovyo, bila mpangilio. Pombe, miaka kumi. Debe lililobonyezwa chini ili lipime pungufu. Halafu, akiwa anageuzageuza kiatu kimoja mikononi, akasema alimvunja mke wake mkono kwa sababu ya chai isiyo na sukari, na hapo ndipo mke alipoondoka. Nilisikia hilo kama ninavyosikia bei ya saruji. Nikaliweka mahali.

Jumanne iliyofuata ushuhuda ulikuwa umepigwa pasi. Pombe sasa ni miaka ishirini. Amelala mitaroni. Amenusurika kifo. Sauti inapanda na kushuka penye kupanda na kushuka.

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Belo la viatu likifika nahesabu nikitoa, kisha nahesabu nikipanga, na mara nyingi hesabu ya pili ndiyo inayonionyesha kilichotoweka.

"Pombe imeongezeka," nikamwambia.

"Inasikika vizuri."

"Na mkono umetoka."

"Huo si wa watu, brathe. Huo ni wa nyumbani."

"Umebakisha zile tu ambazo watu watakupigia makofi."

"Kwa hivyo unataka asikie nikijianika mbele ya watu, halafu arudi?"

"Sijasema lolote kuhusu kurudi."

"Ni rahisi kwako. Wako ulishamzika. Wangu bado yuko hai."

Nilingoja hilo liniume. Nilingoja kweli, kama mtu anayengoja maji kwenye mfereji uliokatwa. Halikuuma. Nikafunga gunia, yeye akaondoka bila kuomba.

Siku mbili baadaye simu ikalia. Mwanamke, sauti ya chini. "Mzee, mimi ni mke wa yule mwanafunzi wako. Namba nimepewa na mama mchungaji. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Ameokoka, ama ananiokokea mimi?"

"Hilo ni gumu, mama."

"Wewe ni mtu wa soko. Si unajua feki?"

Kiatu nakikunja, nabonyeza kisigino, nanusa ndani. Mtu utamkunja wapi? Pengine mwingine angeusikia ukweli kifuani mwake na kumpa jibu. Mimi nilikuwa na hesabu tu.

"Moyo wake siujui," nikasema. "Ninachojua, hakosi Jumanne na hanuki pombe. Aliponipa ushuhuda mara ya kwanza, mkono wako ulikuwemo. Mara ya pili haukuwemo."

Nyuma yake nilisikia maji yakimiminwa kwenye ndoo na wanawake wakigombania zamu.

"Alisemaje, hiyo mara ya kwanza?"

"Chai haikuwa na sukari."

"Sukari ilikuwemo," akasema. "Hakukoroga."

Kisha akasema, "Nitakuja kusikia. Begi la nguo naliacha huku."

Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Nilimtambua kwa mkono ambao haukunyooka vizuri alipopokea kitabu cha nyimbo. Mume wake alisimama mbele akiwa kwenye kanzu ya kuazima ya ubatizo, akaanza na pombe, miaka ishirini, na kanisa likaitikia amina iliyotetemesha mabati. Akapanda nayo. Mitaroni, amina. Kifo, amina. Halafu akamwona mkewe.

Akakatika. Akaniangalia mimi, lakini usoni mwangu hakukuwa na kitu cha kumpa.

"Ilikuwa miaka kumi," akasema. "Si ishirini."

Mtu mmoja akacheka.

"Na nilimvunja mke wangu mkono. Alikuwa amenipa chai. Nikasema haina sukari." Akafuta mdomo. "Ilikuwemo. Nilijua ilikuwemo."

Hilo la sukari mimi sikuwa nimemwambia. Mzee mmoja alianza amina, ikamfia mdomoni. Hakuna aliyejua kanisa huitikia nini mahali kama hapo, hata mchungaji, akaamua tu kumwingiza kwenye tangi la ubatizo.

Baadaye tulikuwa watatu nje, dalali akitetemeka na kuchuruzika maji.

"Nimesikia," mkewe akamwambia.

"Basi tuende nyumbani."

"Nimesema nimesikia. Kurudi ni kitu kingine."

Dalali alifungua mdomo. Ninaujua mdomo huo. Ulikuwa unatafuta ahadi kubwa ya kuanzia. Akaufunga. Mkewe akamtazama kidogo zaidi ya alivyohitaji, akanipa mkono ule mzima, akaenda kutafuta gari la Naivasha. Hakugeuka nyuma. Niliangalia.

Dalali akakaa kwenye ngazi. "Sasa nimeokoka ya nini?"

Lilikuwa swali zuri. Mimi mwenyewe ningelipa kujua jibu, na silipi kitu ovyo. Nikachukua sweta yake iliyoning'inia kwenye dirisha, nikampa. Akaivaa kinyume, shingo ya nyuma ikiwa mbele, wala hakurekebisha.

"Jumanne utakuwepo?" akauliza.

"Nitakuwepo."

"Hakuna ushuhuda wa kuandaa tena."

"Tutasoma tu."

Akaitikia kwa kichwa, meno yakigongana, na tukakaa pale tukingoja jua lifike kwenye ngazi.