Koo Lililofutwa Ndani

Mimi Mastani nina bucha hapa Guntur, mji wa pilipili, na wa kunifundisha usafi bado hajazaliwa. Kila asubuhi Sambayya, mhudumu wa maabara ya chuo cha dawa, huja na chupa ya maji ya chumvi kuchukua koo la pumzi la mbuzi. Siku moja nikamfanyia hisani: nikapitisha kitambaa ndani ya koo mpaka likang'aa.

Saa tano akarudi anafoka. "Kaka Mastani, koo langu umelifanya nini?"

"Nimelisafisha! Wewe mtu huna hata shukrani?"

"Shukrani? Njoo uone ulichofanya."

Nikamfuata maabara na aproni yangu yenye damu ya mbuzi, tayari kwa ugomvi. Alikuwa ametundika pete mbili alizokata kooni kwenye glasi za maji ya uvuguvugu, moja ya koo la jana ambalo sikulifuta na moja ya lile nililolisafisha. Kila moja ilifungwa uzi, na uzi ukivutwa sindano inachora kwenye karatasi. Akadondosha tone moja la dawa ya kukaza msuli. Pete ya jana ikajikaza kidogo, sindano ikapanda. Alipobadilisha maji, ikashuka. Akatia tone lile lile kwa yangu. Sindano ikaruka juu ikakaa huko huko. Akabadilisha maji mara tatu. Wapi!

"Ule utando laini wa ndani ndio unaouambia msuli ulegee," Sambayya akasema, hasira imempoa. "Wewe umeufuta. Msuli umebaki hauna wa kuutuliza, kitu kidogo tu unabana."

"Na kwa binadamu je?"

"Binadamu nani atampitishia kitambaa? Labda vumbi. Vumbi kali, miaka na miaka."

Mke wangu Khasimbi ana miaka kumi na moja akivunja vikonyo vya pilipili ghalani, kiongozi wa wanawake wanane. Zamani alikohoa akiwa kazini tu. Mwaka huu hata jirani akichoma ubani anashika kifua. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nilikuwa nikimwambia anadeka.

Jioni nikamweleza yote. Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Baba Rafi, yaani mimi umeniona mbuzi?"

"Kesho usiende, mama Rafi. Nakuomba."

"Nikae hapa nikutazame wewe? Wenzangu wananisubiri. Zimebaki wiki tatu msimu uishe, basi nitapumzika."

Sikuwahi kumwomba kitu mara mbili tangu tuoane. Usiku ule nilimwomba mara tatu.

Asubuhi jirani akatupia pilipili kavu kwenye mafuta ya kuungia dengu. Moja tu, jamani! Khasimbi akaketi chini mlangoni, mabega yamepanda, midomo imebadilika rangi, pumzi inapiga mluzi. Nikampulizia mdomoni dawa ya kuvuta aliyopewa hospitali mara mbili, kisha ya tatu na ya nne. Zamani mbili zilitosha. Nikampulizia ya sita, na kifua chake bado kinagoma. Nilidhani nampoteza pale pale, mbele ya sufuria na vikombe vya chai.

Baada ya muda mrefu kikaachia kidogo. Alipopata pumzi ya kutosha neno moja, aliniuliza kama bajaji ya kwenda ghalani imeshapita.

"Imepita," nikamwambia.

Honi ya bajaji ikalia nje ya mlango wetu, naye akaanza kupapasa sakafuni akitafuta kandambili zake.