Michemraba Sita ya Zege

Mwaka ambao mvua zilichelewa, nchi ilikuwa ingali changa, naye alikuwa kijana aliyetoka chuo cha ufundi na shati moja jeupe. Akapewa kazi katika ujenzi wa nyumba za wafanyakazi: maghorofa manne yaliyopangwa ubavu kwa ubavu karibu na reli.

Kazi yake ilikuwa ndogo, lakini ya kuaminiwa. Kila siku ya kumwaga zege alichota kidogo kutoka kwenye mashine, akajaza kalibu sita za chuma, akashindilia, akaandika tarehe. Michemraba iliyotoka humo ililazwa majini siku ishirini na nane, kisha ikapelekwa maabara kupondwa. Ikistahimili, jengo nalo lilihesabiwa kuwa limestahimili. Mafundi walimwita Bwana Vipimo, naye alilipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo.

Kisha serikali ikabana fedha za kigeni. Nchi haikuwa na kiwanda cha saruji; iliyotoka ng'ambo ikawa ya mgao, mifuko michache kwa juma. Siku ya kukabidhi nyumba, hata hivyo, haikusogezwa. Msimamizi wa ujenzi, mzee mcheshi, akamvuta kando.

"Mwanangu, hizi nguzo za chini tutazipa mchanga zaidi. Wewe vipimo vyako vikorogee pembeni, kwenye karai. Huko saruji usiibanie."

"Na nguzo, mzee?"

"Nguzo haziendi maabara."

Mafundi wawili waliokuwa karibu wakacheka. Naye akacheka, asije akaonekana mshamba. Kicheko hicho kilimkaa rohoni miaka thelathini na minane.

Kwa majuma matatu alikoroga karai lake. Michemraba ilistahimili, naye akapandishwa cheo. Mmoja uliobaki alimpelekea dada yake mkubwa, aliyemsomesha kwa kushona nguo za watu na sasa amepata nyumba ghorofa ya pili ya jengo lenye nguzo hizo. Dada akautumia kuzuia mlango usijifunge. Kila mgeni aliambiwa, "Nyumba hii kaijenga mdogo wangu," naye mdogo mtu akiinamia kikombe chake. Taratibu akaacha kufika. Leo ana mafua, kesho ana kikao cha kanisa.

Miaka ikapita, mabomba yakaanza kukauka juma zima. Wapangaji wakaweka mapipa ya maji kwenye roshani. Asubuhi moja nguzo ya chini ikapasuka, na roshani ya dada ikainama kama mtu anayechungulia. Wahandisi wakaja, wakafungua majalada ya zamani, wakakuta zege bora kuliko lililotakiwa. Basi kosa likawa la mapipa. Tangazo likabandikwa ngazini: mpangaji wa roshani ile ahame kabla ya mwisho wa mwezi, wengine waondoe mapipa, wabaki.

Aliposikia habari hiyo alikwenda, akamkuta dada akifunga vyombo.

"Nimekuharibia nyumba yako," dada alisema bila kumtazama. "Pipa lile nililijaza mpaka pomoni. Nikikutana na jirani ngazini, natamani ardhi inimeze."

Mdogo mtu alitaka kuanzia mbali, kwenye serikali na meli za saruji, lakini aliona aibu kujificha nyuma ya vitu vikubwa kiasi hicho.

"Dada, si pipa. Ni mimi."

Akamweleza habari ya karai, na ya nguzo, na ya kile kicheko. Dada alikunja kitambaa kimoja mara tatu.

"Miaka yote nakusifia kwa watu."

"Ndiyo."

"Unakunywa chai yangu, na masikio unayo."

"Ndiyo, dada."

Dada akatazama dari. Juu yao mtoto mchanga alikuwa akilia, na mama yake akimbembeleza.

"Wale wameambiwa wabaki," alisema. "Vaa viatu. Na jiwe lako hilo ulibebe mwenyewe."

Wakaenda ofisi ya majengo kwa miguu, dada mbele, yeye nyuma na mchemraba kifuani. Karani wa mapokezi alimwambia mizigo huachwa nje.

"Huu si mzigo, baba," dada alijibu. "Ni ushahidi."

Mdogo mtu akaketi, akaandika kurasa mbili. Kwenye ramani ya jengo alizungushia wino mwekundu nguzo kumi na mbili, akaomba watu wote watolewe kwanza, ndipo nguzo zitobolewe na kupimwa. Chini akaandika cheo chake cha wakati ule, akatia saini kwa jina lake la ubatizo.