Safari ya Ikinga, kwa Aliyefia Jukwaani

Kila nilipokufa jukwaani, watazamaji walicheka. Kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo pale Tunduma akachoka nami. "Nenda Ikinga kwa Sekela," akasema. "Yule alikuwa akimaliza wimbo wake na kuanguka, watu wanavua khanga kumfunika." Mimi sipendi kuchekwa, basi nikafunga safari.

Asubuhi niliondoka Tunduma, malori ya mpakani yakiwa kwenye foleni yao. Pale Mpemba basi letu liliacha barabara kuu, likashika ya Ileje. Nilipofika Itumba nilikodi bodaboda, na vilima vikaanza kupotelea kwenye ukungu. Nilipomtajia dereva ninakokwenda, alipunguza mwendo.

"Kwa marehemu?"

"Kwa Sekela, mwimbaji. Yu hai."

"Ee, ndiye huyo huyo," akasema, akaongeza mwendo tena.

Mchana, Ikinga. Bibi mmoja alikuwa akifagia kaburi kando ya migomba. Niliposoma jina la Sekela msalabani, nilirudi nyuma hatua moja, maana Sekela mwenyewe, niliyewahi kumwona kwenye picha, alikuwa amesimama nyuma ya bibi, akitazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, karibu. Mgeni wangu huyu atakupa kiti."

Mgeni huyo alikuwa binti yake wa kumzaa.

Barazani Sekela alinisimulia kwa sauti ya chini. Aliimba na kuigiza miaka mingi upande wa Zambia. Siku moja mchuuzi wa hapa kijijini, asiyejua maigizo ni nini, alimwona huko Nakonde akianguka, akifunikwa, watu wakilia. Akarudi na habari: Sekela amekufa, nimeona kwa macho yangu. Maiti haikuja, basi ukoo ukazika mgomba kwa jina lake. Aliporudi mwenyewe, jina lilikwisha kuzikwa, na jina lililozikwa haitwi nalo aliye hai.

"Mama ananilisha, ananitandikia kitanda," akasema. "Ila jina langu halitaji. Na amezeeka, mdogo wangu. Akiondoka hajaniita, nitabaki nani mimi?" Machozi yalimlenga. Nikajifanya natazama kuku.

Bibi akaja kuniuliza nimefuata nini. Nikasema kweli: nimekuja kufundishwa kufa. Alinitazama sana.

"Hata mimi sikumwona alivyokufa," akasema. "Haya, na afe nione."

Sekela akasimama uani, akaimba. Sauti ilipanda taratibu, kisha ikakatika, akaanguka. Nilitazama kifua chake, hakikuinuka. Nilijua ni mchezo, lakini nilisubiri, nikajikuta nimesimama. Ukungu ulikuwa umefika uani. Jirani aliyekuwa akichungulia akaondoka mbio.

Bibi alipiga magoti, akamtikisa. "Mgeni." Kimya. "Mgeni, we!" Kimya. Ndipo akapiga yowe: "Sekela! Sekela mwanangu, amka!"

Sekela akafumbua macho. "Abee, mama."

Kesho yake niliamshwa na bibi akifoka: Sekela, kuni ziko wapi? Sekela, utalala mpaka lini? Na Sekela, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akikimbia huku na huku, akicheka peke yake.

Nilirudi Tunduma nikiwa nimejifunza kuficha pumzi, na nimejua kwamba anayekufa jukwaani hulala akingoja kuitwa. Siku ya onyesho nilianguka, na hakuna aliyecheka. Nililala pale katika kimya chao, nikaogopa kwelikweli, kwa sababu sikujua nani angeniita.