Marie-Jeanne Achagua Pikipiki Mbaya

Marie-Jeanne Sikuli hakuwa amewahi kuendesha pikipiki hata hatua moja. Lakini kwa miaka sita aliuza esanse, yaani petroli, kwa chupa kando ya barabara kuu ya Oicha, na kila pikipiki ya mji ilisimama mbele ya meza yake, ikanguruma, ikakohoa, ikanyweshwa, ikaenda zake. Mwishowe akawa anamtambua mwenye pikipiki kabla hajatokea kwenye kona, na anajua pia ni nini kitakachomharibikia wiki ijayo. Mafundi walikuwa wakija kumuuliza huku wakijifanya wanaomba maji ya kunywa.

Mume wake, Gracien, alikuwa mwalimu. Mwaka wa 2000, vita vikiwa havijui vinakwenda wapi, parokia ilimteua kukagua shule zake za vijijini. Kwa miezi mitatu Gracien alikagua kwa miguu. Alifika shuleni watoto wamekwisha kwenda nyumbani, akamkuta mwalimu analima maharage yake, wakasalimiana, akaanza safari ya kurudi. Basi wakakubaliana kwamba pikipiki, au moto kama wanavyosema Oicha, ni lazima, hata kama ni ya mkono wa tatu.

Wakapanda lori lililobeba mbao mpaka Butembo, na asubuhi yake wakaenda kwenye uwanja wa mfanyabiashara mmoja aitwaye Mbusa. Ukungu ulikuwa bado umelalia mabati. Gracien aliiona pikipiki nyekundu mara moja. Ilikuwa inang'aa kama sahani ya harusi. Akaipanda, akajitazama kwenye kioo chake, akasafisha koo kama mtu aliyekwisha kufika darasani.

Marie-Jeanne akaisogelea. Aliinama, akagusa injini kwa mgongo wa mkono.

"Tata Mbusa," akasema, "hii moto ilitoka wapi asubuyi hii? Iko na joto."

Mbusa akajibu kwamba ni jua. Wote watatu wakatazama juu. Jua lenyewe lilikuwa halijaonekana Butembo tangu jana yake. Marie-Jeanne hakubishana. Alijua kwamba muuzaji akiiwasha pikipiki kabla ya mnunuzi kufika, ni kwa sababu haipendi kuamka ikiwa baridi. Akamwomba mume wake ashuke, aisukume polepole kwenye tope la mlangoni. Gracien akasukuma. Mke wake akafuata nyuma akitazama chini, kisha akamwita aje aone. Gurudumu la nyuma halikupita penye alama ya lile la mbele. Njia zilikuwa mbili, kama za watu waliogombana. Pikipiki ile iliwahi kuanguka vibaya, chuma chake cha katikati kikapinda, na rangi nyekundu ilikuja baadaye kufunika habari.

Mbusa akasema hilo hata yeye hakulijua, na labda alisema kweli.

Ndipo Marie-Jeanne akaona kitu kingine pembeni, nyuma ya mapipa. Kilikuwa na rangi ya majivu, mahali pengine rangi ya kutu. Taa yake ilifungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli, kiti kilishonwa kwa gunia, na kuku alikuwa amekalia hapo. Mbusa alisita hata kukionyesha. Marie-Jeanne akamwondoa kuku, akagusa injini. Ilikuwa baridi kama jiwe la mto. Akaomba ipigwe teke iwake. Mara ya tatu ikawaka, na yeye akafumba macho, akawaomba wanaume wanyamaze. Alisikiliza kwa muda mrefu hata Gracien akaanza kuona aibu. Kisha wakaisukuma kwenye tope, nayo ikaandika mstari mmoja.

"Ni hii," akasema.

Gracien akamvuta kando. Alimweleza kwa upole kwamba mkaguzi akiingia kijijini juu ya kitu kile, watoto watacheka mpaka likizo.

"Baba Falonne," Marie-Jeanne akamjibu, "wewe unaangaria moto na macho yako. Mimi niko naangaria na macho ya basoda."

Gracien alijua ni askari gani anaowasema. Pikipiki ya muuguzi wa Oicha ilichukuliwa na wenye bunduki, ya padri nayo hivyohivyo, na zote mbili zilikuwa nzuri. Mbusa, kwa huruma, akajitolea kuipaka rangi bure. Marie-Jeanne akakataa. Mbusa aliwasimulia watu wiki nzima juu ya mteja aliyekataa rangi ya bure.

Fundi mmoja, Eliezer, akabadilisha fren, yaani breki, na bujii ya kuwashia injini, akakaza mnyororo, na saa nne wakaanza safari, Gracien mbele, mke wake nyuma. Kijiji cha Maboya walikipita vizuri. Kwenye mteremko wa Kabasha fren zilishika, na Gracien akaanza kupiga mluzi. Chini ya mteremko wakakuta kamba imefungwa kukata barabara, na askari wanne kivulini.

Kiongozi wao akasema anahitaji pikipiki kwa kazi ya haraka. Gracien akaanza kueleza kwa Kifaransa kizuri sana juu ya elimu na parokia. Marie-Jeanne alikuwa anashuka. Akainama kama anayefunga kiatu, akafunga bomba dogo linalopeleka esanse kwenye injini.

Askari akapanda, akapiga, ikawaka. Ikaondoka naye ikiimba kuelekea migomba, na moyo wa Marie-Jeanne ukaenda nayo, maana hakuwa amejua kwamba tone lililobaki ndani lingeipeleka mbali hivyo. Kisha ikakohoa. Ikafa. Askari akapiga mara ishirini, akavua koti, akapiga tena. Wenzake wakaanza kumcheka.

"Oyo ebende kaka," mmoja akasema kwa Kilingala: hiki ni chuma tu.

"Ni vile inafanyaka, Commandant," Marie-Jeanne akasema kwa huzuni. "Tumeisukuma tangu Maboya." Uongo huo aliuungama Jumamosi iliyofuata.

Lakini Gracien hakuwa ameona lolote, na hasira yake ilikuwa ya kweli kabisa. Alimgeukia mke wake mbele ya bunduki nne. "Nilikuambia tukamate ile nyekundu, Mama Falonne. Haukusikia."

Askari wakainua masikio. Kiongozi akauliza hiyo nyekundu iko wapi.

"Ilishauzishwa," Marie-Jeanne akasema, akimkanyaga mume wake mguu. "Tulichelewa."

Kiongozi akawatazama kwa huruma, akawaambia walidanganywa na watu wa Butembo, na kwamba mji ule ndivyo ulivyo. Akawaamuru vijana wake wawasaidie. Hivyo askari wawili wakaisukuma pikipiki kupita kamba, mpaka ng'ambo ya kilima kidogo, wakawapa na pole. Walipokwisha kurudi, Marie-Jeanne akainama, akafungua bomba. Gracien akapiga mara moja tu, ikawaka.

Hakusema kitu mpaka Beni. Walipita Beni, hakusema. Walipofika Mavivi mabega yake yakaanza kutikisika, akalazimika kusimama kando ya barabara, akacheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Mke wake akamngoja. Alipomaliza kufuta machozi, Marie-Jeanne alikuwa amekwisha kukalia kiti cha mbele na kushika usukani. Akamwomba amwonyeshe pa kukanyaga.

Aliendesha kutoka hapo mpaka Oicha kwa gia ya kwanza, kwa sababu Gracien alisahau kumwambia kwamba kuna nyingine. Watoto wa Mbau walikimbia kando yao na kuwapita. Nyuma, mkaguzi wa shule alikaa wima, akiinua kofia kwa kila mtu aliyekutana naye.