Nusu ya somo la protini ilivyomwachisha binamu yangu dawa

Habari za mchana wakuu. Hili limenikuta mwenyewe, sijatia chumvi, na mhusika ameniruhusu kusimulia.

Mimi ni mtu wa ndani. Nikienda dukani na kurudi, kwangu hiyo ni safari. Naishi kata ya Zuzu na kuku wangu, elimu form four, ile ya kufaulu kwa kuonewa huruma.

Mpwa wangu Mwajuma anasoma biolojia chuo hapa Dodoma. Jumamosi moja alikuja, nikamuuliza VVU vinaushindaje mwili wenye kinga zake. Alifurahi sana, maana kwao huulizwa ataolewa lini tu.

Akasema seli zetu si mapoyoyo. Ipo protini inaitwa APOBEC3G: virusi vikinakili vinasaba vyao, yenyewe inajaza makosa kwenye nakala mpaka haifai. Nyingine, tetherin, inavinasa virusi vipya kwenye ukuta wa seli visiondoke.

Hapo mlenda ukafurika jikoni. Nikakimbia.

Niliporudi somo limeisha. Kwa kuwa sipendi kuonekana mjinga, nikatikisa kichwa kama profesa.

Jioni nikampigia binamu yangu Issa, yuko Kondoa. Anatumia ARV miaka kadhaa sasa, na kwenye kipimo virusi havionekani. Nikammwagia elimu yote: mwili una askari wake bwana.

Siku nne baadaye ananipigia mwenyewe, mchangamfu kabisa. Amepumzisha vidonge tangu juzi, anawaachia askari kazi.

Nikakata simu wakuu. Nikamtafuta Mwajuma.

“Mjomba, ulimwambia na habari za Vif?”

“Vif ndiyo nini?”

Akarudia somo. Kumbe nilipokuwa napambana na mlenda, alieleza kwamba virusi navyo vina protini zao. Vif inaikamata APOBEC3G na kuisukumia kwenye mtambo wa taka wa seli yenyewe. Vpu inaiondoa tetherin. Askari tunao, ila adui anajua kuwanyang'anya silaha. Issa akiendelea kuacha dawa, virusi vitazaliana tena, na vinaweza kuwa sugu.

Nikampigia Issa. Akacheka. Akasema siku ile nilikuwa na uhakika, leo nageuka, ashike lipi?

Basi asubuhi nikapanda basi la Kondoa. Ndiyo, mimi.

Issa alikuwa uani anapepeta ulezi. Akaniona, ungo ukamponyoka mikononi.

“Wewe umetoka nyumbani? Basi hali ni mbaya kweli.”

Akaingia ndani, akatoka na kopo la dawa na kikombe cha maji. Akameza mbele yangu. Kisha tukaenda kliniki, nesi akatusema wote wawili, mimi zaidi.

Kipimo kilichofuata, virusi bado havionekani. Namshukuru Mungu.

Nilichojifunza: ukikosa kipande cha somo, omba urudiwe kabla hujaanza kuwa mwalimu. Na dawa ya mtu haiachwi kwa simu ya binamu.

Mliosoma biolojia, nilipokosea nirekebisheni hapa chini. Wa kunicheka pangeni foleni, Issa yuko mbele.